Mwaka mzima Oulu, kaskazini mwa Finland: niliyoyaona nikigawa magazeti usiku (uzi mrefu)

#1 Mgawa Magazeti

Wakuu, salaam.

Mtoto wa dada yangu amepata nafasi ya masomo hapa Oulu, anakuja Agosti. Juzi kanirushia picha ya jaketi yuko Kariakoo: zito kama godoro, manyoya kofiani, muuzaji kamuapia kwamba hilo ni la theluji hasa. Nimemwambia alirudishe alipolitoa. Nikaanza kumwandikia maelezo, yakawa marefu, nikaona niyalete hapa jamvini, maana kila ikifika mwezi wa sita maswali yanayonijia ni yale yale.

Kwa wasiopajua: Oulu iko pwani ya Ghuba ya Bothnia, latitudo ya 65, yapata kilomita 600 kutoka Helsinki ukielekea kaskazini. Nimefika 2014. Miaka mitatu ya mwanzo niligawa magazeti, kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa baisikeli. Baridi ya huku sikusimuliwa, nimeipigia pedali.

Naanza na Agosti kwa sababu ndipo anapofika, na ndipo wengi wanapojidanganya.

Ukishuka Agosti unakuta nyuzi 18, 20, jua, watu na kaptula. Utapiga picha umevaa fulana utume nyumbani na maneno ya kejeli. Mimi nilituma. Siku zile zile jirani yangu, mama wa miaka sabini na kitu, kila siku anatoka na ndoo kwenda msituni na kurudi jioni vidole vimekuwa zambarau. Nikamwonea huruma, nikidhani maisha yamembana. Kumbe anajaza friza. Matunda yale wanayaita mustikka, madogo, ya buluu iliyokolea. Huku hata msitu ukiwa na mwenyewe, unaruhusiwa kuingia na kuchuma matunda pori na uyoga bila kuomba, mradi usisogelee ua wa nyumba ya mtu. Ilipofika Februari yule mama anakula uji wake na matunda ya Agosti, mimi nanunua kijikopo dukani kwa bei ya kuumiza. Huku msimu huu unaufanyia kazi msimu ujao. Ilinichukua miaka kulielewa hilo, na ndilo nataka mpwa alijue kabla ya habari za jaketi.

Septemba majani yanageuka: mibetula, miti yao ya gome jeupe, inakuwa njano, vichaka vya chini vyekundu kama pilipili. Wanaita ruska, na watu hufunga safari kwenda Lapland, kaskazini zaidi ya hapa, kuitazama tu. Ni wiki chache. Ukiamka siku moja ukute nyasi zimepakwa nyeupe, ujue sakitu imeingia, na hapo ndipo unakwenda kununua, si Novemba wakati kila mtu yuko dukani. Soko la mitumba wanaita kirpputori, na ni mitumba ya mtaa wao wenyewe, yaani buti alilovaa Mfini miaka miwili, lililotengenezwa kwa ajili ya huku. Jaketi langu la kwanza la maana nililipata huko kwa euro 25.

Oktoba ipo tu. Jumapili yake ya mwisho saa zinarudishwa nyuma saa moja, unajiona umepewa zawadi ya usingizi. Jioni ya siku hiyo unagundua umenyang'anywa nini.

Novemba nitaiandikia peke yake. Ngoja nipike.

#2 Mzee wa Sakitu

Mkuu, sisi wa Makete hutuogopeshi. Asubuhi ya Julai maji ya kuku unayakuta yameganda kwenye bakuli, watoto wanaenda shule na kandambili. Nikija huko nabeba sweta mbili basi.

#3 Mgawa Magazeti

Mzee wa Sakitu, heshima yako. Lakini sakitu ya Makete jua la saa nne linaifukuza. Ya huku jua la saa nne halijaamka.

Nieleze kitu ambacho kipimajoto hakisemi. Kwenye sifuri na mvua nilipata baridi mbaya kuliko kwenye -15 kavu. Kuanzia -15 hivi vinyweleo vya puani vinashikana ukivuta pumzi, unajua bila kuangalia simu. Ikifika -25 theluji inalia chini ya buti kama unavyofinya mfuko wa wanga wa muhogo. Simu ikiwa mfuko wa nje betri inazima ikiwa na asilimia 40. Kope zinashikana. Na funguo! Mgawa magazeti anabeba shada la funguo za milango ya maghorofa, chuma tupu. Ukivua glovu ukazishika na vidole vyenye unyevunyevu zinakung'ang'ania kama ulimbo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kila mgeni: nilivaa nguo nyingi mno. Soksi jozi tatu ndani ya buti linalonibana, fulana ya pamba, sweta, sweta, jaketi. Napanda ghorofa nne, ndani kuna joto, natokwa jasho. Natoka nje, pamba imelowa, na pamba ikilowa inakugeuka. Saa kumi usiku nilikuwa natetemeka mpaka nikakaa kwenye ngazi za jengo nisilopaswa kukaa. Msimamizi wangu akanikagua kama askari wa forodha, akacheka, akanionyesha: sufu nyembamba inayogusa ngozi, katikati kitu cha kutunza joto, nje kitu cha kuzuia upepo, basi. Buti namba moja zaidi ya mguu wako ili hewa ikae. Toka nyumbani ukihisi baridi kidogo. Ukitoka ukiwa na joto umeshakosea.

Ndiyo maana jaketi la Kariakoo halina maana. Ni zito, upepo unapenya, na ndani ni pamba.

#4 Kasuku wa Kisauni

Assalaam aleikum. Ndugu yangu, hilo jua lisiloamka ndilo linanitatiza. Swala mnaswali vipi? Na Ramadhani ikiangukia kiangazi?

#5 Mgawa Magazeti

Waaleikum salaam. Swali zuri, na mimi mtu wa Tanga nilikuja nalo mwenyewe.

Tarehe 21 Desemba hapa jua linachomoza kama saa nne na nusu asubuhi na linazama saa nane mchana. Halipandi, linatambaa juu ya vilele vya miti kisha linashuka. Kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi unaziswali zote kabla wenzako kazini hawajanywa kahawa ya mchana. Juni ni kinyume: jua linazama usiku wa manane na kuchomoza saa tisa, na katikati hapo mbingu haiingii giza, kwa hiyo Isha ya kuangalia mbinguni haipo. Hapo wengi tunafuata kalenda ya msikiti.

Ramadhani ya 2016 ilianza mwezi wa sita mwanzoni. Saa 20 na ushee za kufunga. Masheikh wametofautiana: wapo waliofuata jua la hapa hapa, wapo waliofuata mji wa kusini zaidi, wapo waliofuata saa za Makka. Mimi nilianza na jua la hapa, siku ya nne nikaanguka na baisikeli, nikahamia Makka, na simhukumu mtu. Wanaofunga kwa jua la hapa wasubiri kidogo: mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Futari saa nane mchana.

#6 Mgawa Magazeti

Sasa Novemba.

Watu wanaogopa Januari kwa sababu ya namba. Januari haina neno. Kuna theluji, na theluji ni taa: taa moja ya barabarani inatosha mtaa mzima kwa sababu ardhi yote inarudisha mwanga. Novemba theluji haijakaa. Inaanguka, inayeyuka, inaganda, inanyeshewa. Lami nyeusi, miti myeusi, mbingu rangi ya sufuria iliyoungua. Unakwenda kazini giza, unarudi giza. Huku Oulu jua angalau linachungulia. Utsjoki, mwisho kabisa wa nchi, linapotea siku 51 mfululizo. Wanaita kaamos.

Novemba yangu ya kwanza nililala saa kumi na moja kwa siku na kuamka nimechoka. Nikaacha kupokea simu za nyumbani. Mama akawaambia watu mtoto kashapata Ulaya katusahau. Sikuwa nimesahau mtu, nilikuwa naona simu inaita na mkono hauinuki.

Kilichonisaidia hakikuwa kikubwa. Nilikwenda kwa muuguzi wa wanafunzi, akaniuliza maswali mawili tu: saa sita mchana unakuwa wapi, na unakunywa vitamini D? Saa sita mchana nilikuwa nimelala, kwa sababu ya kazi ya usiku. Yaani saa chache za mwanga zilizokuwepo nilikuwa nazifungia pazia. Na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza hiyo vitamini. Hata Wafini wenyewe maziwa yao yanaongezwa vitamini D tangu 2003. Nikabadilisha ratiba: nikitoka kazini nalala mpaka saa tano, natoka kutembea hata kama nje ni uji wa theluji. Mpwa, ukijiona hupokei simu za mama yako wiki mbili, usingoje Krismasi. Nenda kaone mtu.

Kitu kingine cha Novemba ni kiakisi, hicho kipande kinachong'aa ukimulikwa na taa ya gari. Sheria inataka mtembea kwa miguu awe nacho gizani, kinaning'inia kwenye jaketi. Vaa jaketi jeusi bila hicho uone dereva anavyokushtukia mita chache kabla hajakupitia. Sisi wenyewe ni weusi, jaketi jeusi, suruali nyeusi, usiku mweusi. Weka viwili.

Tarehe 6 Desemba ni uhuru wao, wa 1917, jioni wanawasha mishumaa miwili dirishani. Siku tatu baadaye ni 9 Desemba yetu. Watanzania tuliopo hukutana Jumamosi ya karibu na hapo, pilau, kelele, watoto wanakimbia. Kama una mialiko mitatu tu ya kukubali kwa mwaka, huo uwe mmoja wapo.

#7 Mama wa Wawili

Kaka Mgawa Magazeti umenikumbusha mbali. Mimi niko Jyväskylä, nimezaa watoto wawili huku. Naongeza ya watoto kwa sababu nyie wanaume mnasimulia baisikeli tu.

Chekechea wanatoka nje kila siku, mvua, theluji, -10, wanatoka. Mtoto anavalishwa nguo ya sufu, halafu kombati moja nzima kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu, glovu, kofia, kitambaa cha shingo, buti. Dakika 20 kumvalisha, akimaliza anasema chooni. Wakirudi kila kitu kinaingia kwenye kabati la umeme la kukaushia. Kila kitu kina jina la mtoto, hadi glovu ya kushoto.

Sasa mama yangu alikuja kutoka Moshi mwezi wa pili kunisaidia uzazi wa pili. Akaona naweka mtoto kwenye kigari, namfunika vizuri, namsukuma nje barazani alale usingizi wa mchana, -6. Mama alikaa kimya kwanza. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu mtoto tumekosana naye nini?" Akachukua kiti akakaa nje naye, amejifunika blanketi, saa nzima. Huku watoto wachanga wengi wanalala hivyo, hewa baridi inawapa usingizi mzito. Siku ya nne mama akaacha kukaa nje ila akawa anachungulia dirishani kila dakika tano. Alivyorudi Moshi nasikia anawasimulia kanisani kwamba wajukuu zake hawaumwi mafua. Wanaumwa sana tu.

#8 Chawa wa Tandika

Mkuu tuambie kuhusu sauna. Ni kweli mnakaa uchi na wakwe?

#9 Mgawa Magazeti

Ni kweli uchi, si kweli wakwe, ingawa inategemea wakwe. Kwenye majengo ya wanafunzi kuna sauna moja ya pamoja, mnapangiwa zamu, wanaume na wanawake mbali. Nchi ina watu milioni 5.6 na sauna yapata milioni 3. Unamwagia maji juu ya mawe, mvuke unakupiga masikio, unatoka nje unafuka moshi kama chungu. Mara ya kwanza nilikaa benchi la juu kujionyesha. Nilidumu dakika nne. Ukweli ni kwamba hapo ndipo Mfini anapoongea. Msimamizi wangu, aliyekuwa ananiambia maneno sita kwa wiki, ndani ya sauna alinisimulia talaka yake yote.

#10 Mwana Uvira

Jambo wote. Mimi Mkongo, nilitoka kambini Uganda, tukafika huku moja kwa moja mwezi wa pili. Hatukupata ile Agosti yenu ya kujizoeza. Tulishuka ndege kwenye -24, tumepewa makoti, mke wangu akaniuliza kama miti yote imekufa. Nikamwambia inaonekana hivyo. Kweli niliamini tumeletwa nchi ambayo miti imekufa.

Mimi ninachopenda ni mwezi wa tatu na wa nne, hapo mwenzangu bado hujafika. Jua linarudi, theluji bado iko kiunoni, mchana inayeyuka juu juu, usiku inaganda. Asubuhi unaweza kutembea juu yake popote, msituni, shambani, bila kuzama, kama mtu anayetembea juu ya maji. Wana hata neno lake, hankikanto. Lakini rudi nyumbani kabla ya saa tano. Mimi nilikwenda mbali nikifurahia, saa sita ikaanza kuvunjika, kila hatua nazama mpaka paja. Kilomita moja nilitumia saa mbili. Na ubebe miwani ya jua, theluji ya Machi inachoma macho.

#11 Mgawa Magazeti

Mwana Uvira umeisema vizuri kuliko ningeisema mimi. Mimi Aprili siipendi. Ile kokoto wanayomwaga njiani msimu mzima watu wasiteleze, theluji ikiondoka inabaki, ikikauka inakuwa vumbi la kukohoza mpaka magari ya kufagia yapite. Na kila kilichofichwa tangu Novemba kinafichuka: glovu moja moja, mavi ya mbwa ya miezi mitano, na mfuko wangu wa magazeti niliokuwa nimeripoti umeibiwa. Barafu ya baharini kwetu inaweza kukaa mpaka Mei, kwa sababu maji ya ghuba hii yana chumvi kidogo. Katikati ya baridi, ikiwa nene vya kutosha, magari yalikuwa yanapita juu yake kwenda kisiwa cha Hailuoto kwa barabara rasmi ya barafu yenye alama na masharti ya uzito. Nilipita mara moja. Dereva anasikiliza redio, mimi nasoma Ayatul Kursiyu.

Tarehe 1 Mei ni Vappu, sikukuu yao, wahitimu wote na kofia nyeupe, wanakunywa sima (si ugali, ni kinywaji chao cha limau na sukari kilichochachuka) na kula maandazi yao ya mviringo yenye sukari. Mara nyingine theluji inawanyeshea na hawaingii ndani.

Halafu kiangazi kinakuja kwa kishindo. Mibetula inatoka uchi hadi kijani ndani ya kama wiki moja. Juni nilikuwa nagawa magazeti saa tisa usiku na miwani ya jua usoni. Nunua pazia nene jeusi, au bandika karatasi ya jikoni ya kung'aa dirishani kama nilivyofanya mimi. Nyumba zina madirisha ya vioo vitatu, kwa hiyo joto likiingia halitoki. Nje ikiwa 28, ndani unaoka. Juhannus, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, Jumamosi kati ya tarehe 20 na 26 Juni, mji unahama kwenda vibanda vya ziwani, unaweza kulala katikati ya barabara. Julai usitafute saini ya mtu yeyote ofisini. Kibali chako cha ukaazi kisiishie Julai, nasema hivyo kwa uchungu.

Mbu wapo, wakubwa, wengi kuliko Rufiji, ila hawana malaria.

Ninakodi kijishamba cha manispaa. Mbegu za mchicha nazianzisha dirishani Mei, nahamishia nje baada ya wiki ya kwanza ya Juni kwa sababu kabla ya hapo sakitu inaweza kurudi usiku mmoja ikafuta kazi yote. Ikishashika, mwanga wa saa 22 unausukuma, unakata leo, keshokutwa umerudi. Nachemsha, nafunga vifuko, najaza friza. Yule mama jirani aliniona na mifuko yangu akasema neno moja tu, "No niin." Hamtaelewa mpaka mkae huku.

#12 Abdul wa Chuda

Mjomba shikamoo. Nimesoma uzi wote hadi mwisho. Ila jaketi nilikuwa nimeshalilipia kabla sijakutumia picha. Yule jamaa harudishi hela.

#13 Mgawa Magazeti

Marahaba. Lilete basi, wiki mbili za Septemba litakufaa, baadaye tutalitandika chini ya mlango wa barazani.

Nafasi iliyobaki kwenye begi weka unga wa dona, kanga mbili za mama yako anazozijua mwenyewe, na dagaa. Nyama na maziwa usithubutu, forodha watakunyang'anya, samaki mkavu anapita. Dagaa wafunge mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Jiko la bweni mtakuwa wanne.